UZI: Utando mwembamba ukipoozwa unapitisha mawimbi karibu MARA MBILI. Nilibisha mbele ya watu, nikaumbuka

KizotaKavu · Jumamosi, saa 2:10 usiku

Wakuu salaam. Mbukwenyi kwa wenyeji.

Nipo Kizota, Dodoma. Umeme umerudi jioni hii, vumbi la Agosti limejaa mpaka kwenye vitufe vya kompyuta. Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha chipsi, kijana mmoja wa kidato cha sita akaniuliza: "Mwalimu, eti supakondakta ni nini?" Sijafungua mdomo, muuza chipsi akadakia: "Si yule anayepakia watu ishirini na tano kwenye Hiace ya watu kumi na nne!" Tukacheka, kijana akaondoka na chipsi zake bila jibu, nami nikabaki na deni.

Deni nalilipa hapa. Hicho kitu, yaani madini ambayo yakipoozwa vya kutosha hayana ukinzani wowote wa umeme, nimeishi nacho miaka miwili nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili Ujerumani, na ndani yake kuna jambo moja ambalo mpaka leo nikimweleza mtu ananitazama kama nimetoka kilabuni.

Chukua bamba la silikoni, sentimita moja kwa sentimita moja. Juu yake kuna utando wa niobiamu naitraidi wenye unene wa nanomita 15. Unywele wako una nanomita kama 70,000, kwa hiyo usihangaike kuuchungulia kwa ubavu. Piga mawimbi ya terahezi upande mmoja, pima yanayotokea upande wa pili. Utando ukiwa katika hali ya kawaida, inapita theluthi moja na ushee ya nguvu ambayo ingepita kwenye bamba tupu. Sasa upooze mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri. Ukinzani wa umeme unakufa. Sifuri kabisa, si "mdogo sana".

Swali: yatapita mengi zaidi au machache zaidi?

Mimi nilisema machache. Madini yakipitisha umeme vizuri zaidi yanakuwa kioo kizuri zaidi, yatarudisha kila kitu. Nikabisha mbele ya watu. Kwa masafa ya chini nilikuwa sahihi. Ila kuna mahali, karibu na terahezi 1.2, ambapo yanapita karibu mara mbili ya mwanzo.

Wekeni vigoda, naja.

Tomaso_Nkuhungu · saa 2:19

Mkuu hapo chumvi imezidi. Nani aliwahi kuimarisha ukuta halafu ukaanza kuvuja?

BintiMakulu · saa 2:24

Nimekaa. Nipo chuo, mwaka wa pili, fizikia. Mwalimu naomba hesabu usizikimbie. Maelezo ya "ni kama maajabu vile" tumeyachoka.

FundiBaridi · saa 2:31

269 chini ya sifuri?! Natengeneza friji na viyoyozi hapa Majengo mwaka wa kumi na nne huu. R134a yenyewe inaganda ukifika kwenye nyuzi 103 chini. Hiyo friji yenu mnajaza gesi gani?

KizotaKavu · saa 2:52

FundiBaridi, swali lako tamu, nitalirudia. Tomaso, tuliza mshono.

Kwanza terahezi. Redio ya FM unayosikiliza iko kwenye megahezi kama 100. Terahezi moja ni mara elfu kumi ya hapo: mtikisiko trilioni moja kwa sekunde, urefu wa wimbi milimita 0.3, kama unene wa karatasi tatu za daftari. Yako katikati ya mawimbi ya maikrowevu na yale ya joto unayoyahisi ukikaa karibu na jiko la mkaa. Yanapita kwenye nguo, karatasi na plastiki (ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Juni 2019 yangeipita bila hodi). Kwenye madini yanagonga na kurudi. Kwenye maji yanakufa. Kumbukeni hilo la maji, maana ndilo lililonitia aibu.

Sasa supakondakta. Mwaka 1911 kule Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipooza zebaki, na ilipofika kelvini 4.2 (ndizo zile nyuzi 269 chini ya sifuri) ukinzani ukatoweka ghafla. Watu walikuna vichwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer wakaja na maelezo: kwenye baridi ile elektroni hazitembei moja moja, zinafungwa mbilimbili. Fikirini ng'ombe wa plau. Wakiwa huru kila mmoja anakwenda kwake, anagonga visiki. Wakifungwa nira wanakwenda pamoja, na hapa ng'ombe wote wa shamba zima wamefungwa nira na wanakwenda hatua moja. Kisiki kimoja hakiwezi kumtoa mmoja kwenye mstari.

Kuivunja ile nira kuna gharama. Tuiite nauli. Kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga au ya wimbi, inapanda peke yake na hela yake mkononi, na hela ya fotoni ni masafa yake. Ikipungukiwa hata senti, hairuhusiwi. Na kwa mwanga hafifu tunaoutumia sisi, hata zikija fotoni milioni zenye hela pungufu, hazichangiani. Hapo kondakta wa kweli ni mkali kuliko wa Sabasaba.

Nauli inategemea madini. Aluminiamu inakuwa supakondakta kwenye kelvini 1.2, nauli yake ni terahezi 0.09 hivi. Risasi, hii ya kwenye betri za magari, kelvini 7.2 na nauli karibu 0.65. Niobiamu kelvini 9.2, nauli karibu 0.7. Utando wangu ulikuwa unageuka kwenye kelvini 14, nauli karibu 1.2. Ndiyo maana mawimbi ya terahezi yanafaa sana kwa kazi hii: hela yake iko palepale kwenye nauli. Mwanga wa kawaida wa macho una hela mara mamia, unavunja kila jozi unayoikuta na hauoni tofauti yoyote.

Tomaso_Nkuhungu · saa 3:01

Haya. Chini ya nauli fotoni haivunji jozi. Hailiwi na utando. Basi inarudi au inapita. Kwa nini ipite?

KizotaKavu · saa 3:04

Tomaso umeuliza swali la profesa na hujui. Hapo ndipo penyewe.

Umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja, jozi zinaubeba bila kutumia chochote. Lakini wimbi la terahezi linazisukuma mbele, linazirudisha nyuma, trilioni kwa sekunde. Na jozi zina uzito. Mdogo mno, lakini upo. Naomba mtu aliyewahi kusukuma guta la maji anisaidie.

Madumu20 · saa 3:20

Nipo mwalimu. Nimesukuma guta Chang'ombe miaka sita kabla sijanunua bodaboda. Madumu ishirini ya lita ishirini, ndiyo jina langu humu.

Guta lenye beringi nzuri njia tambarare halichoshi. Ukishaliondoa linakwenda lenyewe, unaliongoza tu. Kazi ni mtu akikatiza mbele. Kulisimamisha, kulirudisha, kuliondoa tena, hapo ndipo mgongo unalia. Tena ukikwama kwenye shimo ukawa unalitikisa mbele nyuma, mbele nyuma, kuna kitu cha ajabu: pale unaposukuma kwa nguvu zako zote guta limesimama. Pale linapokimbia sana wewe husukumi, unalifuata tu.

KizotaKavu · saa 3:33

Madumu20, nimesoma vitabu vinene vya hii kitu, hakuna kilichoniwekea hivyo.

Wakuu, soma aya yake ya mwisho tena. Nguvu ikiwa kileleni, mwendo ni sifuri. Mwendo ukiwa kileleni, nguvu ni sifuri. Mwendo umechelewa nyuma ya nguvu kwa robo ya mzunguko. Na kwa kuwa beringi ni nzuri, hakuna nguvu inayopotea: unachompa guta akienda, anakurudishia akirudi.

Utando wa kawaida ni guta lenye beringi mbovu kupindukia. Hapo mwendo unafuata nguvu papo hapo. Ukisukuma linakwenda, ukiacha linasimama, na nguvu yote inaishia kwenye joto la beringi.

Kwa hiyo utando mmoja una tabia mbili za mkondo. Kuna mkondo unaokwenda sambamba na wimbi, huo unakula nishati. Na kuna mkondo uliochelewa robo mzunguko, huo hauli. Ukipoozwa, chini ya nauli ule wa kwanza unakufa na wa pili unashika usukani. Ule wa pili una tabia ya guta: ukitikisa polepole unakuwa mkubwa sana, ukiongeza kasi unapungua. Masafa yakiwa mara mbili, wenyewe unakuwa nusu.

BintiMakulu, shika kalamu. Narudi, wife ananiita nikafunge kuku.

FundiBaridi · saa 3:36

Fizikia ya terahezi na kuku wa kienyeji kwenye uzi mmoja. Hii nchi naipenda.

KizotaKavu · saa 4:02

Hesabu. Kuna fomula fupi ya utando mwembamba, kila mtu wa fani hii anaijua kwa moyo. Ukubwa wa wimbi linalopita, ukilinganisha na bamba tupu lisilo na utando, ni:

(1 + n) ÷ (1 + n + 377/R)

n ni kiasi bamba linavyopinda mwanga. Silikoni ni 3.42. Kwa hiyo 1 + n ni 4.42. Ile 377 ni omu za ombwe lenyewe, hazibadiliki. R ni ukinzani wa kipande cha mraba cha utando. Tuseme omu 130. Basi 377/130 ni 2.9.

Hali ya kawaida: 4.42 ÷ 7.32 = 0.60. Hilo ni wimbi. Nguvu ni kipeo cha pili chake, 0.36. Ndiyo theluthi na ushee niliyoitaja mwanzo.

Sasa upooze. Mwaka 1958 Mattis na Bardeen walipiga hesabu ya mikondo hii miwili kwa supakondakta yenye uchafu mwingi kama tando zetu. Ukisimama hasa kwenye nauli, baridi ikiwa ya kutosha, hesabu yao inatoa kitu kitamu: mkondo unaokula nishati ni sifuri, na mkondo wa guta ni sawasawa na ule mkondo wa kawaida uliokufa. Ukubwa uleule, 2.9.

Tomaso unasema: kama ni 2.9 ileile, jibu ni lilelile. Mimi nilisema hivyohivyo!

Lakini umechelewa robo mzunguko. Huwezi kuujumlisha na 4.42 kwa mstari ulionyooka. Robo ya mzunguko ni nyuzi 90. Pembe mraba. Kwa hiyo ni Pithagorasi wa kidato cha pili:

4.42 kwa kipeo cha pili ni 19.5. 2.9 kwa kipeo cha pili ni 8.4. Jumla 27.9. Nguvu inayopita ni 19.5 ÷ 27.9 = 0.70.

Kutoka asilimia 36 hadi 70.

Na masafa ya chini? Chukua terahezi 0.2, moja ya sita ya nauli. Pale mkondo wa guta unakuwa mkubwa kama mara tisa na nusu ya ule wa kawaida. 2.9 inageuka 27. Kipeo cha pili chake 740 na kitu. 19.5 kwa 760 unapata asilimia mbili na nusu. Mlango umefungwa. Kwa hiyo kioo nilichokitetea kipo, ila kiko masafa ya chini.

Ukienda juu ya nauli, fotoni zinaanza kuvunja jozi, ulaji unarudi, na taratibu utando unafanana na wa kawaida tena. Katikati ndipo kuna kilele.

Tomaso_Nkuhungu · saa 4:15

…

Nimepiga mwenyewe kwenye simu. 0.70. Sina neno.

Madumu20 · saa 4:18

Kwa hiyo ukuta haukuimarishwa. Uliacha kunywa.

KizotaKavu · saa 4:21

Madumu20 naomba namba yako PM, uje unisaidie vipindi vya kidato cha nne.

BintiMakulu · saa 4:40

Mwalimu, hizi hesabu ni za 1958. Kuna aliyeona kwa kipimo, au ni karatasi tu?

KizotaKavu · Jumapili, saa 4:05 asubuhi

Nimetoka misa ya kwanza, naendelea.

Binti, kipimo kilitangulia. Rolfe Glover na Michael Tinkham, kule Berkeley, walipima tando za risasi na bati na kutoa matokeo 1956 na 1957. Waliona kilele chenyewe, mwanga ukipita zaidi kwenye utando uliopoozwa kuliko ule wa kawaida. Walikuwa na taabu: wao waliweza kupima nguvu tu, si fezi. Yaani waliona guta limefika mbali kiasi gani, hawakuona limechelewa kiasi gani, ikabidi walitafute hilo kwa hesabu za kuzunguka.

Leo tuna mbinu ya mapigo. Leza inatoa pigo fupi mno, sehemu ya trilioni ya sekunde au chini ya hapo, pigo linagonga kifaa kinachotema wimbi la terahezi lenye mtikisiko mmoja au miwili, basi. Upande wa pili pigo lingine la leza hiyohiyo linalichungulia wimbi hatua kwa hatua. Unapata picha ya wimbi lenyewe linavyopanda na kushuka. Ukubwa na kucheleweshwa kwake, vyote kwa pamoja. Mikondo yote miwili unaisoma moja kwa moja bila kugusa utando kwa waya. Mimi mara ya kwanza kuona wimbi limesogea kwenye skrini nilipowasha baridi, likatangulia kidogo na umbo likabadilika, nilitoka nje nikapiga simu nyumbani. Mama akauliza: "Umekula?"

Sasa aibu yangu.

Mwezi wa nne wa kazi. Mashine nzima imefunikwa kwa sanduku la plastiki ngumu, ndani inapulizwa naitrojeni kavu muda wote. Sababu ni mvuke wa maji. Hewa ya kawaida ina mvuke, na mvuke unameza terahezi kwenye masafa yake maalumu: 0.557, 0.752, 0.988, 1.097 na mengine mengi. Usiku kucha nilipuliza, asubuhi nikapima bamba tupu, safi kabisa. Nikapooza utando, nikapima mchana. Nikagawanya. Nikaona shimo refu kwenye 0.557 na jingine kwenye 0.752.

Nilijua nimevumbua. Nauli ya kwanza, nauli ya pili! Nikachora mchoro kwa rangi tatu, nikausambaza kwenye barua pepe za kundi zima kabla ya chakula cha mchana.

Kuna mzee mmoja fundi wa maabara, mtu wa maneno machache. Alikuja, akatazama skrini, akaniuliza swali moja: "Ukiupasha moto, yanasogea?" Nikamwuliza kwa nini yasogee. Hakujibu, akaondoka na kikombe chake cha kahawa.

Nikapasha mpaka kelvini 20, juu ya 14, ambapo hakuna supakondakta hata wa dawa. Mashimo palepale. Nauli ya kweli inapungua kadiri unavyokaribia 14, ikifika hapo inakuwa bure. Yangu hayakusogea hata unywele. Nikainama chini ya meza. Mtungi wa naitrojeni, mshale wa geji umelala kwenye sifuri. Uliisha saa tano asubuhi, sanduku likajaa hewa ya chumbani, na pumzi yangu mwenyewe.

Niliandika barua pepe ya pili. Fupi.

FundiBaridi · saa 4:30

Hahaha! Mtungi umeisha! Mimi nilishafungua kompresa ya mteja nzima nzima kumbe soketi haina umeme. Karibu chamani.

Tomaso_Nkuhungu · saa 4:41

Lakini Dodoma hapa ni kukavu, midomo inapasuka. Hiyo mashine ingeletwa huku si msingehitaji naitrojeni?

KizotaKavu · saa 4:58

Nilitamani iwe hivyo. Lakini ukavu tunaouhisi unadanganya. Mchana wa nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 40, kila mita moja ya ujazo ya hewa bado ina gramu kama 11 za maji. Hewa ya moto inabeba maji mengi hata ikikuchubua midomo. Kwa terahezi huo ni ukuta.

Waliotaka hewa kavu kweli walipanda jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 juu ya bahari, wakaweka darubini ya ALMA yenye sahani 66. Sisi hapa tuko mita 1,100 na kidogo. Ndani ya vipokezi vya ALMA kuna tando za niobiamu zilizopoozwa, jamaa zake na utando wangu. Ile picha ya shimo jeusi iliyotolewa Aprili 2019, ALMA ilikuwa mmoja wa washiriki. Na niobiamu nauli yake ni 0.7, kwa hiyo ukitaka kusikiliza anga juu sana ya hapo inabidi ubadilishe madini au mbinu. Chombo cha Herschel kilichorushwa 2009 kilibeba tando za niobiamu naitraidi za kusikiliza mpaka terahezi 1.9, kwa njia nyingine: wimbi linapasha moto utando kidogo sana, na ule ujoto ndio unaosomwa.

MzeeMbukwa · saa 5:12

Wanangu nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Hii kitu inanisaidia nini?

KizotaKavu · saa 5:20

Shikamoo mzee. Nikuambie ukweli: utando wangu haukupi hata jembe. Terahezi zenyewe, bila supakondakta, zinaweza kusoma majani yana maji kiasi gani bila kuyachuma, kwa sababu ileile ya kumezwa na maji, na kuna watafiti wanaofanya kazi hiyo. Lakini mashine yake leo ni ghali kuliko shamba lako na la jirani yako. Uking'ata jani unajua zaidi.

MzeeMbukwa · saa 5:24

Marahaba. Umejibu kiume. Endelea.

FundiBaridi · saa 5:31

Mkuu friji! Uliahidi.

KizotaKavu · saa 5:55

Heliamu, fundi. Ndiyo pekee inayobaki bila kuganda kule. Ikiwa kimiminika inachemka kwenye kelvini 4.2. Zamani ulikuwa unaimimina kutoka kwenye chupa kubwa ya ombwe, ikiisha umeishiwa. Siku hizi maabara nyingi zina friji la mzunguko: kompresa chini, mabomba mawili yanayokunjika, kichwa juu. Inabanwa, inapozwa, inaachiwa itanuke, inapoa zaidi, inarudi. Ungeitambua kwa sauti tu. Yetu ilikuwa inalia chwii-chwii, chwii-chwii, usiku na mchana, kama ndege aliyechanganyikiwa. Nikienda kulala naisikia.

Na hapa ndipo Dodoma inaingia, bila kulazimisha. Heliamu ya dunia inatoka kwenye mawe. Uraniamu na thoriamu vikioza vinatema chembe za alfa, na chembe ya alfa ikishapata elektroni mbili ni heliamu, mwisho wa hadithi. Kadiri mwamba ulivyo mzee ndivyo ilivyorundikana. Miamba ya katikati ya nchi yetu ni mizee kupita kiasi, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na uraniamu wa Bahi na Manyoni mmeshausikia kwenye taarifa za habari. Bonde la Ufa linapopasha moto ukingo wa mwamba huo, gesi inaachiwa. Mwaka 2016 ndipo ilipotangazwa kwamba Bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, imechanganyika na naitrojeni.

Yaani gesi zote mbili nilizokuwa nazihitaji, ya kupooza na ya kukausha, zinachemka pamoja kwenye matope ya nyumbani, na mimi nimeinama chini ya meza Ujerumani natazama geji.

Hata yale mabamba. Wengi badala ya silikoni wanatumia safaya isiyo na rangi. Safaya na rubi ni jiwe moja, tofauti ni uchafu wa rangi. Rubi za Winza, wilaya ya Mpwapwa, ziliwachanganya wanunuzi mwaka 2008. Za maabara hutengenezwa kiwandani, hawachimbi, lakini ni udugu huo.

Tomaso_Nkuhungu · saa 6:08 mchana

Sasa umeanza siasa za rasilimali. Rudi kwenye hesabu.

BintiMakulu · saa 9:47 alasiri

Mwalimu, nimeshinda na fomula yako tangu jana. Nimebadilisha unene, vingine vyote nimeviacha vilevile.

Nanomita 15: kawaida 0.36, kwenye nauli 0.70. Uwiano 1.92.

Nanomita 30: 2.9 inakuwa 5.8. Kawaida 0.19, kwenye nauli 0.37. Uwiano 1.96.

Nikajaribu 60: kawaida 0.08, nauli 0.13. Uwiano umeshuka, 1.67.

Nikarudi katikati, nikapapasa, nikapapasa. Nanomita 23 inatoa 2.00 kamili. Na haipiti hapo, nijaribu nitakavyo. Kwa nini mbili?

KizotaKavu · saa 10:15

Sikuwahi kujaribu hiyo. Miaka miwili mashineni, sikuwahi.

Nipe dakika.

KizotaKavu · saa 10:31

Kwenye nanomita 23, 377/R inakuwa ngapi?

BintiMakulu · saa 10:33

4.4

Aaah.

BintiMakulu · saa 10:36

Ni sawa na 1 + n. Pande mbili zimelingana. Kawaida unazijumlisha kwa mstari, unapata upande mara mbili, kipeo cha pili chake 4. Kwenye nauli ni haipotenusi ya pembetatu pacha yenye pembe mraba, kipeo cha pili chake 2. Nne kwa mbili.

Madumu20 · saa 10:50

Sijaelewa hata neno ila nimesisimka.

FundiBaridi · saa 11:02

Mimi nimebaki kwenye ile kompresa. Inatumia umeme wa fezi moja au tatu?

KizotaKavu · saa 11:05

Yetu ilikuwa tatu, fundi. Na ilikuwa inapozwa kwa maji.

FundiBaridi · saa 11:06

Maji Dodoma hii? Basi mwambieni Madumu20 asiuze guta.